Jinsi ya kufunga tabo kwenye Honda Gold Wing GL1100 ya kabureta bila kuua injini

Watu wengi wakipata wazo la tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) kitu cha kwanza wanakimbilia kutafuta tabo yenyewe, wakiipata ya bei poa wanaona kazi imefika nusu. Bado kabisa. Tabo ndo sehemu rahisi kuliko zote kwenye hii project. Kazi yenyewe iko kwenye petroli, kwamba itaingiaje kwenye kabureta wakati ndani ya kabureta kuna presha ya hewa inaisukuma irudi ilikotoka, halafu iko kwenye joto. Hayo mawili ukiyaweka sawa pikipiki yako ya Gold Wing itavuta mlima na mizigo na abiria nyuma kama hakuna kitu, usipoyaweka sawa pistoni inatoboka na utakuwa umeua injini nzima kabisa ya zaidi ya miaka arobaini.

Nachukua GL1100, ile ya 1980 mpaka 1983, kwa sababu Marekani bado zipo nyingi na bei zake ziko chini, na hiyo ndo generesheni iliyoanza kuundwa hukohuko Marysville, Ohio. Silinda nne zimelala mbili kushoto mbili kulia, cc 1085, inapozwa kwa maji, inaendeshwa kwa shafti, kabureta nne za Keihin za diaframu, kompresheni 9.2 kwa 1. Mwenye GL1000 au GL1200 ya kabureta mambo mengi yanafanana. Mwenye GL1500 ya silinda sita aache kwanza, ile ina kompresheni 9.8 na kabureta mbili, hesabu zake ni nyingine.

Na kabla hujaambiwa na mtu kwamba kabureta na tabo haviendi pamoja: Kawasaki waliuza Z1R-TC mwaka 1978 ikiwa na seti ya vifaa vya tabo ya American Turbo-Pak na kabureta moja tu (japo haikuwa na garanti ya kiwanda, hilo nalo likuambie kitu). Mwaka 1982 Yamaha wakatoa XJ650 Turbo, wakati Honda, Suzuki na baadaye Kawasaki tabo zao wanaziwekea injekta, Yamaha walibaki na kabureta zao nne wakazipulizia hewa. Na kwenye gari ipo Renault 5 GT Turbo ya 1985, cc 1397, kabureta moja ya Solex na tabo ndogo ya Garrett T2. Hiyo Renault iweke akilini maana saizi ya injini yake iko karibu na hii yetu, tutairudia.

Kwanza amua: kabureta mbele ya tabo au nyuma yake

Kuna njia mbili. Njia ya zamani ni kabureta moja kubwa inakaa kabla ya tabo, tabo inanyonya hewa na petroli vikiwa vimeshachanganyika halafu inasukuma kwenye injini. Uzuri wake kabureta haijui kama kuna presha, pampu ya kawaida inatosha, na petroli ikipita kwenye feni inapoza hewa kidogo. Ubaya wake ni mwingi. Njia nzima ya hewa inajaa mchanganyiko unaoshika moto, injini ikikohoa kurudi nyuma kitakachopasuka ni hilo bomba lote, asubuhi ya baridi petroli inalala kwenye kuta za bomba na injini inasumbua kuwaka, na huwezi kuweka intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo). Halafu kuna hili ambalo watu wanalijua wakishafunga: ukifunga mafuta (ukiachia mkono wa resi), vakyumu ya injini inanyonya mpaka ndani ya tabo, na tabo za siku hizi zinaziba oili kwa ringi tu, haziwezi kuhimili kunyonywa hivyo, zinaachia oili na pikipiki inatoa moshi wa bluu kila ukishuka mlima. Tabo za enzi zile zilikuwa na sili ya kaboni upande wa hewa kwa kazi hiyo, na kuzipata sasa hivi nzima ni bahati.

Njia ya pili tabo inapuliza hewa kavu kwenye boksi lililofungwa, kabureta zako nne zinabaki palepale zinavuta kutoka kwenye hilo boksi. Ina usumbufu wa mafuta, nitaueleza kirefu, ila mimi naichagua hii bila kufikiria mara mbili. Kuanzia hapa chini yote ni kwa njia hii.

Hesabu kabla ya spana

Presha ya hewa ya kawaida usawa wa bahari ni psi 14.7 (psi ni kipimo cha presha). Ukiongeza psi 6 za tabo unakuwa na 20.7, gawanya kwa 14.7 unapata 1.4. Zidisha na kompresheni yako 9.2 inakuja karibu 13. Hii hesabu ni ya haraka haraka tu, siyo fizikia kamili, ila inakuonyesha kwa nini kwenye GL1100 ambayo haijafunguliwa, psi 5 mpaka 6 ndo mwisho. XJ650 Turbo kiwandani walishusha kompresheni mpaka 8.2, CX500 Turbo ya Honda walishusha mpaka 7.2, na hao ndo walioziunda. Wewe na pistoni za kawaida usitafute psi 10 sababu umeona video.

Joto nalo. Hewa ya nyuzi 25 ukiikandamiza kwa uwiano wa 1.4 na tabo ya wastani itatoka na nyuzi kama 70 hivi. Kwa psi 6 bado unaweza kuishi bila intakula, ukiweka ndogo ni faida, ila kwenye Gold Wing mbele kuna rejeta tayari na nafasi haipo, kwa hiyo mimi ningewekeza nguvu kwenye mafuta na taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) kwanza.

Faida unayotegemea: GL1100 ilitoka na farasi 80 na kidogo, kwa psi 6 utaongeza kama robo hivi au zaidi kidogo. Inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini inakuja katikati ya mzunguko, pale ambapo kwenye pikipiki ya safari unapahitaji. Na ukiwa juu ndo utaiona zaidi. Mji kama Denver uko mita 1,600, Nairobi iko juu zaidi ya hapo, hewa kule imeshapungua karibu moja ya sita na injini isiyo na tabo inapungua nayo, tabo inakurudishia ulichopoteza halafu inaongeza.

Kagua injini kwanza, na uwe mkali

Pima kompresheni silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho. Namba kamili siyo muhimu kama tofauti, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 usiendelee, tafuta sababu. Ukiweza pima na uvujaji kwa kupuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, sikiliza inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu, kwenye brida (tundu la injini la kupumulia) ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi.

Taimingi belti ziko mbili, badilisha zote na tensheni zake hata kama muuzaji amekuambia zilibadilishwa. Belti ikikatika kwenye hii injini valvu zinakutana na pistoni. Mipira ya maji, thermostati, feni ya rejeta, vyote viwe vinafanya kazi, feni iwake yenyewe ukiacha pikipiki sailensa dakika kumi na tano.

Halafu koili ya chaji. Kwenye Gold Wing za silinda nne iko nyuma ya injini ndani, kuibadilisha lazima injini ishuke kwenye fremu. Wewe unataka kuongeza pampu ya umeme, geji, labda na pampu ya pili ya oili, kumbuka ile chaji haikutengenezwa kwa mzigo huo. Pima volti betri ikiwa na taa zote zimewaka, rpm 3,000, kama haifiki 13.5 tatua kwanza. Taa badilisha ziwe za LED upunguze mzigo. Na kama injini itashuka kwa ajili ya koili basi na klachi iangalie hapohapo sababu nayo iko nyuma, weka plati mpya na springi ngumu kidogo, maana psi 6 kwenye gia ya tano ukipanda mlima klachi iliyochoka itateleza.

Kuchagua tabo

Hapa ndo watu wa kwetu wanaponzwa na upatikanaji. Tabo ya Subaru Forester iko kila mahali, kuanzia Gerezani Dar mpaka Kirinyaga Road Nairobi, ila ile TD04 ni ya injini ya lita mbili kwenda juu, kwenye cc 1085 itachelewa kuamka mpaka utasahau kama ipo. Tabo za dizeli za Hiace na Prado ndo usiguse kabisa, kubwa, na pia ekzosi ya petroli ni ya moto kuliko ya dizeli, upande wa turbaini hautengenezwi kwa joto lile. Tabo za vigari vya Japani vya cc 660 nazo ni ndogo, zitaamka mapema halafu juu zitaziba pumzi na kuchemsha hewa.

Injini hii kwa rpm 7,500 na psi 6 inakula hewa kama pauni 10 mpaka 11 kwa dakika. Tafuta tabo ya gari ya petroli ya cc 1,000 mpaka 1,400: saizi ya Garrett T2 ya hiyo Renault, T15, au IHI ya familia ya RHB5, hiyo hiyo ambayo Honda waliianzia kwenye CX500 Turbo. Iwe na westigeti ya ndani (kimlango kinachopitisha ekzosi pembeni ili presha isizidi), na ikiwezekana iwe na njia za maji kwenye sehemu ya beringi, sababu unayo mfumo wa maji tayari na hiyo inaokoa oili isiungue ukizima injini.

Angalia springi ya westigeti inafungua kwa psi ngapi. Nyingi za gari zinakuja na psi 7 mpaka 10, na huwezi kupata presha chini ya springi hata ufanyeje, boost controller inaongeza tu haipunguzi. Pima kwa pampu ya mkono yenye geji, ukiona mkono wa westigeti unaanza kusogea juu ya psi 6 tafuta springi laini au nunua akchueta nyingine. Shika shafti ya tabo kwa vidole: kucheza kidogo juu chini ni kawaida, kucheza mbele nyuma au feni kugusa ukuta, irudishe ulikoitoa.

Mahali pa kuikalisha

Hii itakula wikiendi zako. Ekzosi za Gold Wing zinatoka chini ya silinda hedi, tenki la petroli siyo lile unaloliona mbele (lile ni boksi tu la vitu vya umeme na klina ya hewa), tenki lenyewe liko chini ya siti katikati ya fremu. Kwa hiyo kuweka tabo nyuma ya injini ambako panaonekana pana nafasi ni kuweka chuma chekundu cha moto jirani na petroli. Sipendi.

Mimi ningeiweka mbele chini ya rejeta katikati ya bomba za fremu, ekzosi nne zigeuzwe kuja mbele zikutane hapo, halafu bomba la hewa lipande pembeni ya rejeta kwenda juu. Tengeneza kwanza mfano kwa boksi gumu na bomba za PVC, toa springi za foku za mbele au zikandamize mpaka mwisho kabisa, uone tairi na madigadi vinafika wapi. Ukipima pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi utadanganyika, siku ya shimo la kwanza tairi litaibusu tabo. Weka na kinga ya bati kuzuia maji na mawe, tabo nyekundu ikimwagiwa maji ya baridi upande wa moto unapasuka.

Ekzosi tumia bomba nene, milimita 2 na kuendelea, ile ya ekzosi za kawaida nyembamba inapasuka kwenye maungio baada ya kupanuka na kusinyaa mara nyingi. Acha maungio ya kuteleza angalau moja kila upande ili bomba zipate pa kupanukia. Na uzito wa tabo usining'inie kwenye stadi za silinda hedi, tengeneza brakti inayobeba tabo kwenye injini yenyewe, siyo kwenye fremu, sababu injini na ekzosi vinatikisika pamoja. Kabla ya tabo chomelea nati ya sensa ya joto la ekzosi, baada ya tabo chomelea ya sensa ya oksijeni. Usisubiri baadaye, baadaye hutafungua.

Oili

Oili ya kwenda: chukua kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, weka T, swichi irudi upande mmoja na mpira wa kusuka chuma wa tabo utoke mwingine. Hapohapo ongeza na geji ya kweli ya presha.

Oili ya kurudi ndo yenye mtihani. Oili ikitoka kwenye tabo haina presha tena, ni povu linalodondoka kwa uzito wake, kwa hiyo bomba la kurudi linatakiwa liwe nene (kipenyo cha ndani milimita 12 mpaka 16 kwa tabo ndogo), literemke bila kona ya kupanda, na liingie kwenye injini juu ya usawa wa oili. Tabo ikiwa mbele chini kama nilivyosema, tundu lake la kutolea linaweza kuwa sawa na oili ya kwenye sampu au chini yake, hapo oili inarudi nyuma inajaa kwenye tabo inavuka sili na unaanza kutoa moshi, halafu unalaumu tabo mbovu kumbe ni bomba. Kama huwezi kuinua tabo, weka kikopo kidogo cha chuma chini yake na pampu ndogo ya umeme ya gia ya kunyonya na kurudisha kwenye injini, iwe ni pampu inayohimili oili ya moto siyo ya maji ya wiper. Iunge iwake pamoja na swichi ya funguo.

Gold Wing inatumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Usiweke oili ya gari ya kupunguza msuguano ukidhani unaisaidia tabo, klachi itateleza. Tafuta yenye alama ya JASO MA au MA2, sintetiki ikiwezekana, na ubadilishe kila kilomita 2,500 hivi.

Boksi la hewa na kabureta

Boksi la plastiki la kiwandani haliwezi kushika presha, litoe. Chomelea boksi la alumini la kukaa juu ya kabureta nne, lenye ujazo mkubwa kadiri nafasi ya lile tenki la uongo inavyoruhusu, kwa sababu boksi dogo linafanya silinda moja inyang'anye nyingine hewa. Mipira inayounganisha boksi na kabureta, na kabureta na menifodi, yote mipya na klampu zenye bolti, zile za waya ziache.

Sasa kabureta zenyewe. Zishushe zote, zioshe, badilisha oringi zote mpaka zile za kati ya kabureta na kabureta. Yafuatayo lazima yawe sawa, hata moja likikosekana haitaendesheka:

Bakuli la kila kabureta lina tundu la kupumulia. Kawaida linapumua hewa ya nje. Ukiliacha hivyo, tabo ikianza kupuliza, presha ya juu itaisukuma petroli irudi kwenye bakuli na injini inakauka mafuta palepale unapoyahitaji. Unga matundu yote ya kupumulia kwenye boksi la presha, kwa mpira mfupi.

Diaframu nazo, chumba cha chini ya diaframu lazima kipate hewa kutoka kwenye boksi hilohilo. Kwenye nyingi tundu lake liko kwenye mdomo wa kabureta kwa hiyo boksi likikaa vizuri linapata lenyewe, ila hakikisha mpira au gasketi haijaliziba. Diaframu yenye tundu hata la sindano ibadilishe.

Shafti za batafly (vile vibati vinavyofungua na kufunga hewa ya kabureta) zinapita ukutani mwa kabureta na sili zake ni za kuzuia vumbi tu, chini ya presha zinatoa petroli nje. Badilisha sili, na kama shafti zimelika peleka kwa mtu wa kukereza aweke bushi. Petroli inayomwagika juu ya injini ya moto siyo jambo la kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Na kama floti zako ni za aina yenye uwazi ndani zikague kama hazijabonyea.

Pampu ya petroli

Nido za floti za kabureta (visindano vinavyofunga petroli bakuli likijaa) zinaweza kuzuia presha ya psi 2 mpaka 3 hivi, zaidi ya hapo petroli inafurika. Pampu ya kiwandani inayozungushwa na injini inatoa kama hiyo hiyo. Lakini ndani ya bakuli sasa kuna psi 6 za hewa zinasukuma nyuma, kwa hiyo ili petroli iingie unahitaji psi 8 mpaka 9, na ukifunga mafuta ghafla presha irudi kuwa 2 au 3 muda huohuo. Kwa hiyo ni regyuleta inayofuata presha ya tabo moja kwa moja, psi moja ya hewa inaongeza psi moja ya petroli, na ina mpira wa kurudisha petroli iliyozidi kwenye tenki.

Angalia vizuri unaponunua. Regyuleta za injekta nyingi haziwezi kushuka chini ya psi 30 kwa hiyo hazifai, na vile vipampu vya umeme vya bei rahisi vinavyogonga tik tik tik vinatoa psi 4 mpaka 7, ukitoa 6 za tabo inabaki moja. Chukua pampu inayoweza kufika psi 15 na zaidi, regyuleta ya kabureta za tabo yenye tundu la mpira wa hewa, filta kabla ya pampu, na mipira yote iwe ya kuhimili petroli yenye ethano maana pampu nyingi za Marekani zinauza E10. Pampu ya zamani toa, ziba nafasi yake kwa plati na gasketi.

Umeme wa pampu upite kwenye rilei inayokatwa na swichi ya presha ya oili, na uweke kitufe cha kujaza kabureta kabla ya kuwasha. Pikipiki ikianguka injini ikazima, pampu nayo izime. Hili usiliruke hata kama una haraka.

Hewa, valvu ya kupumulia, plagi na taimingi

Kwa sababu batafly ziko baada ya tabo, ukifunga mafuta ghafla hewa inakosa pa kwenda inarudi kuipiga feni. Weka valvu ya kupumulia kwenye bomba la hewa kabla ya boksi, iunge na vakyumu ya menifodi, moja ndogo ya gari inatosha. Brida ya injini nayo usiiunge kwenye boksi la presha, ipeleke kwenye kikopo cha kukusanya oili.

Plagi weka za baridi zaidi kwa hatua moja. Kwa NGK namba ikipanda ndo plagi inakuwa ya baridi, kama ilikuwa 8 weka 9, na pengo libane mpaka kama milimita 0.6 maana cheche inapata shida kuruka kwenye presha.

Taimingi, kanuni ya mafundi ni kurudisha nyuma nyuzi moja kwa kila psi moja. Ignisheni ya GL1100 ni ya elektroniki, inabidi usogeze plati ya pikapu kwa taimingi laiti, GL1000 bado ina platini. Ukiirudisha yote nyuzi 6 moja kwa moja pikipiki itakuwa nzito huku chini, wengi wanaanza na 4 halafu wanasikiliza. Njia nzuri zaidi ni ignisheni ya kompyuta yenye sensa ya presha, inarudisha tu pale tabo inapopuliza. Ukipata hela ya kitu kimoja cha kisasa kwenye hii project, kiwe hicho. Petroli ni premium, ya Marekani okteni 91 mpaka 93, kwa nchi zinazohesabu kwa RON hiyo ni 95 kwenda juu, usichanganye hizo hesabu mbili.

Kuseti jeti

Kabureta inapima kasi ya hewa, haijui vizuri kama hewa imekuwa nzito. Ukiikandamiza hewa kwa psi 6 bila kuipoza inakuwa nzito kwa kama asilimia 20, mafuta yanaongezeka ila hayafiki hapo, unabaki pungufu kwa asilimia kama 10. Na wakati wa presha unahitaji mafuta mengi kuliko kawaida ili kupoza. Kwa hiyo meni jeti (kitundu kikuu kinachopitisha petroli) anza na kubwa kwa asilimia 20 hivi halafu ushuke, usianze na ndogo ukipanda. Ikiwa na mafuta mengi itatoa moshi mweusi na kukohoa, ikiwa nayo machache inatoboa pistoni kimya kimya.

Funga kipimo cha waidibendi (sensa ya oksijeni inayoonyesha hewa ni mara ngapi ya petroli), geji iwe mahali unapoiona bila kuinamisha kichwa. Safari ya kawaida bila presha 13.5 mpaka 14.5, presha ikiingia ishuke 11.5 mpaka 12. Ikipanda juu ya 12.5 huku geji ya tabo inasoma psi 4, funga mafuta hapohapo.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya yote ziba mdomo wa tabo, puliza psi 5 kwenye mfumo, paka maji ya sabuni kila maungio. Povu likitoka kaza. Washa pampu ya petroli, angalia dakika tano kama kuna tone popote.

Toa plagi zote, mimina oili kidogo kwenye tundu la oili la tabo, piga stata mpaka uone geji ya oili inapanda na oili inatoka kwenye bomba la kurudi. Rudisha plagi, washa, iache sailensa, usipige resi. Ekzosi mpya itatoa harufu na moshi wa kuungua mafuta ya kiwandani, hiyo kawaida, moshi wa bluu unaoendelea baada ya dakika kumi siyo kawaida, rudi kwenye bomba la oili.

Safari za mwanzo zisizidi psi 2 au 3, barabara tupu, gia ya tatu, unaongeza kidogo kidogo huku unasoma geji mbili tu, ya tabo na ya mchanganyiko. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo, funga mafuta, hiyo ni injini inagonga. Ukishavuta kwenye presha zima injini ukiwa umeshika klachi, simama, toa plagi usome: vidoti vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni, taimingi irudishe na jeti ipandishe kabla hujaondoka hapo. Angalia pia kama presha inaendelea kupanda yenyewe kupita psi 6 kadiri rpm zinavyoongezeka, kama inapanda tundu la westigeti ni dogo, litanue.

Ukimaliza safari ya kuvuta sana usizime palepale, iache sailensa dakika moja mbili oili ipoze beringi za tabo.

Breki za GL1100 ya kawaida ziko sawa kwa kasi ya kawaida, lakini toleo la Interstate ikiwa na mafuta na mabegi inapita kilo 300, badilisha mipira ya breki kwa ya kusuka chuma na tairi ziwe mpya kabla ya kujaribu kujua inafika ngapi. Kwa waliopo California ujue vifaa vya kuongeza nguvu vinatakiwa viwe na kibali cha CARB (mamlaka ya hewa safi ya jimbo hilo), na bima yako popote ulipo iulize kabla, siyo baada ya ajali.

Baada ya kilomita 200 za mwanzo kaza upya nati zote za ekzosi na klampu zote za hewa injini ikiwa ya baridi, rudia kwenye 1,000, pima tena kompresheni uandike namba pembeni ya zile za mwanzo.